Mama Kiberiti, Aliyeuvika Mtambo Nguo

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Anayepika apunguze moto, anayeendesha gari apunguze mwendo, na mwenye nguo za kukunja azikunje taratibu huku akinisikiliza. Leo namkumbuka mtu mmoja tu. Fundi cherehani mmoja. Nikimaliza mtaniambia kama kweli alikuwa mmoja.

Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Hapa mjini tulimwita Mama Kiberiti, na jina hilo lilimganda mpaka barua za ofisini zikawa zinakuja na jina hilo juu ya bahasha. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio. Mama Kiberiti, fundi wa ovaroli, ametutoka Jumanne, miaka sabini na mmoja.

Mgeni atauliza, fundi cherehani na kiberiti wapi na wapi? Ngoja, usinikimbize. Siwezi kumweleza Mama Kiberiti kabla sijaueleza mtambo.

Nyinyi mliozaliwa juzi mnadhani mji huu ulikuwepo siku zote. Haukuwepo! Palikuwa na barabara moja ya vumbi, mashine moja ya kusaga, na maduka sita, matatu kati ya hayo yakiuza sabuni ileile. Barazani kwa duka la shemeji yake, mama huyu alikuwa na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu. Alishona sare za shule. Mumewe alilima kule mtoni. Ndiyo hivyo tu. Kisha wakaja wapimaji na vijiti vyao vyenye rangi nyekundu na nyeupe, wakavichomeka ardhini, na hatukulala tena tukiwa watu wale wale.

Bwawa la mtambo wa umeme lilijengwa miaka saba. Miaka saba, wasikilizaji. Watu elfu nane walimiminika hapa kwa ajili ya kazi. Banda lililokuwa la mbuzi lilisakafiwa likapangishwa, na aliyepanga alishukuru. Kinyozi alikuwa mmoja, wakafika kumi na mmoja. Nyanya zilipanda bei mpaka sisi tusiokuwa na cha kuuza tukawa tunazipitia mbali. Nisiwafiche, si kila mtu alicheka. Mashamba ya mtoni yaliingia majini, na la mume wa Mama Kiberiti likiwemo. Walilipwa fidia. Binti yake mkubwa, ambaye leo ndiye anaendesha kiwanda chao cha ushonaji, ameniambia hivi: "Baba alitaka pikipiki. Mama akamwambia, pikipiki itakupeleka wapi na shamba limezama? Wakanunua cherehani tatu. Baba alinuna wiki mbili."

Siku ya kuwasha mtambo nilikuwepo. Mwenzenu nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa, nimepewa kinasa sauti kikubwa na maagizo marefu ya nini cha kusema. Milango ya maji ikafunguliwa. Ule ukuta, urefu wake ukiutazama shingo inauma, ukatetemeka. Maji yakashuka kwenye mabomba ambayo lori linapita ndani yake bila kugusa pembeni. Nyaya juu zikaanza kuvuma. Unajua nilisema nini hewani? Nilisema "Jamani! Jamani! Jamani!" dakika nzima. Mkuu wangu wa kazi alistaafu akiwa bado ananicheka kwa hilo. Lakini wewe ungesema nini? Mto uleule tuliofulia nguo ulikuwa unawasha miji ambayo hatujawahi kuikanyaga.

Halafu, baada ya sherehe, pakawa kimya.

Wajenzi walifunga virago. Katika miezi miwili tu, watu elfu nane wakaondoka. Vyumba vikabaki na kufuli. Vinyozi kumi na mmoja wakawa wawili, na hao wawili wakawa wananyoana wenyewe kwa wenyewe. Ndani ya uzio wa mtambo walibaki watu mia tatu na themanini wa kudumu, na kila walichotumia kilitoka mji mkuu kwa lori. Sabuni. Glavu. Hata fagio, jamani, hata fagio! Umeme ulitupita juu ya vichwa ukaenda zake, na lori likatupita mbele ya milango likaingia ndani. Mji ulikuwa unakufa ukiwa umekaa pembeni ya kitu kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kujengwa huku kwetu.

Hapo ndipo mama yule akazifunika cherehani zake, akaenda kukaa getini kwa mtambo. Siku tatu. Watu walidhani shamba lililozama limemvuruga akili. Binti yake mkubwa alitumwa akamrudishe. "Nikamkuta ameketi juu ya kigogo," anasema. "Nikamuuliza, Mama unafanya nini hapa? Akasema, natazama magoti. Zamu ilipotoka akanionyesha. Angalia ovaroli zao, akaniambia, zote zimekwisha magotini na viwikoni. Wajenzi wameondoka, ila haya magoti yatakuwepo maadamu maji yanashuka."

Siku ya nne akaingia ofisini kwa bwana manunuzi. Bwana yule hakuwa mbaya, alikuwa mzito tu. Akampa jaribio. Ovaroli sitini.

Sasa sikilizeni kosa alilofanya, maana ni kosa ambalo fundi yeyote wa hapa angelifanya, na mimi ningempongeza. Kwetu sisi nguo nzuri ni ipi? Si ile isiyojikunja? Si ile inayong'aa, ukiipiga pasi mstari unasimama mpaka Krismasi ya mwaka wa pili? Basi akashona ovaroli sitini za tetroni safi, kile kitambaa cha sare za shule. Akazipiga pasi. Akazibeba kichwani yeye na mabinti zake wawili mpaka getini, zimenyooka kama zinakwenda kufunga ndoa.

Akatoka mzee mmoja, afisa wa usalama wa wafanyakazi. Akashika moja, akaipapasa, akasema, "Mama, umeshona vizuri sana." Kisha akatoa kiberiti mfukoni akaichoma.

"Wewe baba una wazimu?" Ndivyo mama alivyopiga kelele, na mlinzi wa getini anathibitisha. "Unachoma nguo yangu mbele ya macho yangu?"

Mzee aliushikilia mguu wa suruali juu ya ubao. Tetroni haikuwaka kama pamba. Iliyeyuka. Ikadondoka matone mekundu ya moto, tone, tone, na kila tone likang'ang'ania ubaoni. Yalipopoa akampa mama kisu, akamwambia, "Litoe hilo moja." Mama akakwangua. Likatoka na kipande cha mbao.

"Huo ubao," mzee akasema, "fanya kwamba ni kifua cha mtu."

Ovaroli hamsini na tisa zikarudi nyumbani. Waliozinunua ni wakulima, na kwa miaka miwili hakuna wilaya iliyokuwa na wakulima watanashati kama sisi. Mtu anapalilia mahindi suruali ina mstari wa pasi! Lakini mama hakucheka. Alirudi kwa yule mzee akamwambia, nionyeshe huo moto unatoka wapi. Mzee akamvalisha kofia ngumu akamwingiza ndani.

Alinisimulia safari hiyo mwenyewe, miaka mingi baadaye, na bado macho yalimtoka. Walishuka ngazi mpaka akapoteza hesabu. Wakafika kwenye ukumbi ambao, alisema, ungeweza kuuweka mji wetu wote ndani na ukabakiwa na nafasi ya soko. Mashine tano zimekaa kwa mstari, kila moja kubwa kuliko nyumba ya shule. "Miguu ikaanza kutetemeka," akaniambia. "Nikajisemea, mama mzima naogopa nini? Kumbe si mimi. Sakafu ndiyo inatetemeka. Nikavua viatu, mwanangu. Nilitaka kuisikia vizuri." Akaonyeshwa chumba cha swichi kubwa. Akaelezwa kwamba umeme ule ukiponyoka, unaruka hewani na kutoa moto kufumba na kufumbua, na mtu aliyesimama pale hana pa kukimbilia. Alichonacho ni nguo yake tu.

"Nguo yake tu," alinirudia. "Na nguo hiyo naishona mimi."

Tangu siku hiyo akawa Mama Kiberiti. Alitafuta pamba nzito, iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, na uzi wa pamba wa kuishonea. Kila jora la kitambaa lililoingia kwake alikata vipande vitatu, mwanzo wa jora, katikati na mwisho. Kila kipande alikishika kwa koleo mlangoni, akakiwasha, akahesabu mpaka kumi, akaondoa kiberiti. Kitambaa kizuri kinajizimia chenyewe na kubaki jivu jeusi la kupukutika. Kibaya kinaendelea kuwaka, na mwisho wake ni kidonge kigumu. Wapita njia walimtania: "Mama, leo mnapika nini?" Naye alijibu, "Karibu, bado hakijaiva."

Mzee wa usalama akastaafu. Pale getini hawakuchoma tena kitu. Ovaroli ikiwa imetoka kwa Mama Kiberiti, ilipita.

Na mji ukamfuata kupitia lango lile lile. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka kesho. Fundi viatu aliona mama ameingia, akaenda kuomba buti za kutia soli. Wenye sabuni wakaenda. Seremala akaenda. Mji uliokuwa unakata roho ukapata mtaa mzima, na mtaa huo tukauita Mtaa wa Ovaroli. Jana nimeupita kwa miguu nikihesabu milango inayokula kutokana na mtambo. Milango thelathini na saba! Na nyuma ya kila mlango mna watu wanaokula, wanaosoma, wanaojenga. Kiwanda cha mama peke yake kilifikisha wanawake arobaini na wawili. Kulikuwa na wajane, kulikuwa na walioachwa, na kulikuwa na mama mmoja mcheshi mwenye mdomo usio na breki, ambaye kazi yake ilikuwa kuweka zipu. Tulimwita Mama Zipu, ingawa mdomo wake haukuwahi kuwa nayo. Mumewe ni fundi umeme ndani ya mtambo.

Sasa nafika pagumu.

Mwaka wa kumi na tatu, mtambo ulikuwa na matengenezo makubwa. Ziliagizwa ovaroli mia nne na ishirini kwa mpigo, na mkataba mpya wa miaka mitatu nyuma yake. Siku za kazi zilibaki kumi na mbili. Vikaja vitambaa, majora kumi na sita, lebo moja, rangi moja, harufu moja. Mama akatoka mlangoni na koleo lake. Majora saba yakajizima. La nane likadondosha. La tisa likadondosha. Mpaka la mwisho. Majora tisa yalikuwa yamechanganywa na nailoni.

Vitambaa vingine vingechukua wiki sita kufika.

Binti yake mkubwa alisema, "Mama, tuchanganye. Pale getini hakuna anayechoma." Hakulificha hilo aliponisimulia. "Nilikuwa na watu arobaini na wawili wananitazama," anasema. "Nilitaka Mama aseme sawa."

Mama Zipu akasimama katikati ya vyerehani. Nimekwenda kwake juzi, akanirudia maneno yake mwenyewe neno kwa neno: "Nikamwambia, Mama, tangu tuanze kushona, huo moto wako umetokea mara ngapi? Akasema, haujatokea. Nikamwambia, basi! Njaa yetu inatokea kila siku."

Wanawake wakapiga makofi. Na mimi, ningekuwepo, pengine ningepiga. Alikuwa na hoja.

Mama Kiberiti akasema: "Ningekuwa namjua atakayevaa hii mbovu, ningemwambia siku hiyo abaki nyumbani. Simjui. Yeyote kati ya wale anaweza kuwa yeye."

Akakata majora saba tu. Wakashona ovaroli mia mbili. Akazipeleka mwenyewe, akamwambia bwana manunuzi ukweli wote. Bwana manunuzi alizipokea zile mia mbili akamshukuru, na mkataba wa miaka mitatu akaupa kampuni moja ya mji mkuu iliyoweza kuleta zote kwa wakati.

Unga ukamwagika. Wanawake ishirini na tisa walirudi nyumbani, na Mama Zipu alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Mtaani mama alisemwa vibaya sana. Kwamba anajidai mtakatifu kwa njaa za wenzake. Kwamba ametuchoma sisi badala ya kitambaa. Mama Zipu alipokutana naye sokoni aligeuza uso. Miezi mitano! Watu waliokula sahani moja. Mama alikonda. Binti yake anasema, "Alianza kuniuliza, hivi nimekosea? Mama yangu hakuwahi kuniuliza hivyo maisha yake yote. Nami sikumjibu. Nilikuwa bado nina hasira."

Jumatano moja, saa nne asubuhi, mji mzima ulisikia kishindo kutoka mtamboni. Kimoja tu. Madirisha ya studio hii yalicheza. Umeme uliponyoka kwenye chumba cha swichi kubwa, na aliyekuwa amesimama pale alikuwa mtu mmoja. Mume wa Mama Zipu.

Mama Zipu alikimbia pekupeku mpaka hospitali. Sitatia chumvi, nasema alivyoniambia. "Nilimkuta muuguzi anamkata nguo kwa mkasi," anasema. "Mikono ilikuwa vibaya. Shingo vibaya. Kitambaa kimekuwa cheusi, kinapukutika kwenye mkasi. Nikafumba macho, nikangoja muuguzi apige kelele akifika kifuani. Hakupiga. Nikafumbua. Kifua kizima. Tumbo zima. Ndipo nikaiona ile zipu, imefunikwa na ukingo wa pamba kama Mama alivyotufundisha. Zipu ile niliiweka mimi. Ilikuwa moja ya zile mia mbili."

Kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja kwa Mama Kiberiti. Akasimama mlangoni, mdomo ule usio na breki umefunga kabisa. Mama akanyanyua macho kutoka kwenye cherehani. Hakumuuliza chochote cha zamani. Alisema tu, "Mgonjwa amekula?" Kisha akaenda jikoni kupika, na Mama Zipu akakaa sakafuni akalia mpaka chakula kikaiva.

Mtambo ulirudisha kipimo cha moto getini, kwa kila anayeleta nguo, awe mkubwa au mdogo. Nguo za ile kampuni ya mji mkuu zikashindwa kipimo, na mwaka uliofuata mkataba ukarudi Mtaa wa Ovaroli. Wanawake ishirini na watano wakarudi kazini. Wanne walikuwa wameshahama kutafuta maisha, na mama aliwataja mpaka mwisho. Hakuwahi kusema kwamba alishinda.

Wasikilizaji wapendwa, leo nina mgeni studioni. Ni mume wa Mama Zipu. Nimemsogezea kipaza sauti mara tatu, mara tatu amekirudisha. Anasema hajui kuzungumza. Lakini sasa hivi amefungua vifungo vya shati lake, na kwa kuwa nyinyi hamwoni, imebidi niwe macho yenu.

Mikono yake ina makovu mpaka kwenye kifundo cha mkono, pale mkono wa ovaroli unapoanzia. Hapo yanakoma. Shingoni kuna kovu pana, limevutana, linashuka kutoka chini ya sikio. Linashuka, linashuka, linafika pale kola inapokaa, na hapo hapo linasimama. Mstari umenyooka, naweza kuupitishia rula. Chini ya huo mstari ni kifua cha mwanaume wa makamo, mwenye mvi chache. Hakuna kitu. Jamani, hakuna kitu kabisa!

Ngoja ninywe maji.

Basi. Tukizungumza juu ya mtambo huu tunataja ukuta, mashine tano, na miji inayowaka mbali huko. Tuvitaje, vinastahili. Lakini leo naomba ukae dakika moja na kazi yako mwenyewe, iwe ni kusaga, kufundisha, kuziba pancha au kupika. Mfikirie mtu mmoja atakayeitumia, ambaye humjui na hutamjua. Ukimaliza kumfikiria, rudi kazini.

Kwenu mabinti wawili wa marehemu, kwako baba uliyenyimwa pikipiki, kwa kina mama wote wa kile kiwanda, na hasa kwako dada mkubwa, uliyeniambia jana kwamba hukumjibu mama yako alipokuuliza kama amekosea. Mgeni wangu amenivuta mkono. Ameandika kwenye karatasi, kwa vidole vile vigumu, ameniomba nikusomee wewe.

Ameandika: "Hakukosea. Watoto wangu wanne wana baba."

Poleni sana.